Karatasi ya kukokotolea

Mwaka 2019 nilikuwa nafundisha hisabati darasa la saba wilayani Magu, upande wa Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, kule ambako mtu analima pamba na mpunga na bado ana jicho lake mwaloni, kama dagaa wameingia. Julai tukafanya mtihani wa majaribio. Nikasahihisha usiku kwa taa ya sola, nikakuta binti niliyemtegemea kuliko wote amepata maswali sita tu.

Ningesema ni homa, ila nilikuwa na kawaida ya kukusanya na karatasi za kukokotolea. Nikaitafuta yake. Mfanyabiashara amenunua kwa shilingi 8,000, ameuza kwa 10,000, faida ni asilimia ngapi? Njia yote imenyooka, mwishoni kaandika 25 na kuipigia mistari miwili. Kwenye jibu kachagua 20. Eneo la pembetatu, vilevile: hesabu sawa, herufi siyo. Yale maswali ya mwisho ya kuonyesha njia kayaacha wazi kabisa. Nadhani hayo sita alipitiwa tu.

Mwalimu wa Usukuma hahitaji kuelezwa zaidi. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Binti akifaulu na kupangiwa kidato cha kwanza, bado ni mwanafunzi, na asiporipoti mtendaji atakuja kuuliza. Akifeli, haulizwi na mtu. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilikuwa imeshasema kifungu hicho kinapingana na Katiba, lakini Serikali ilikata rufaa na rufaa ilikuwa bado haijaamuliwa. Basi wazee wa kwetu hawakujisumbua kuvunja sheria. Walimwambia mtoto afeli.

Nikamwita stoo ya vitabu. "Nani kakwambia?"

"Mjomba, mwalimu. Kasema nikifaulu yeye atafungwa."

Mahari ya mama yake haikuwahi kutolewa, kwa hiyo mtoto alihesabiwa wa ukoo wa mama, na ng'ombe wa mahari yake wangeingia zizi la mjomba. Mama mwenyewe alikuwa Mwanza mjini, Kirumba, akichambua dagaa kwa kibarua.

Jumamosi nikaenda. Nilimkuta bibi shambani na mifuko miwili kiunoni, mmoja wa pamba safi, mwingine wa fifi, ile chafu ya daraja la chini. Nikamwamkia, nikaingia mstarini nikaanza kuchuma naye, maana huwezi kumsimamisha mtu kazini ukamhutubia. Maganda ya pamba yakishakauka yana ncha zinazoingia chini ya kucha, na ukivuta kwa haraka unaondoka na vipande vya majani. Bibi alichungulia mfuko wangu, akaanza kunitolea majani mojamoja. "Mayu, hii yako yote fifi."

Mjomba akafika na baiskeli. Nikamweleza habari ya miaka 30. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa mfukoni stakabadhi iliyoviringwa kwenye nailoni. Pamba yake ilikwishapimwa kwa bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo, lakini hajaona hata senti. Mwaka ule wanunuzi walichelewa kulipa, na wakulima wengi walikaa na karatasi hizo wiki kwa wiki.

"Mwalimu," akasema, "wewe unanisomea kifungo. Na hii, atafungwa nani?"

Bibi akacheka. Mimi sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Sekondari ya kata ilikuwa mbali na wasichana walipanga vyumba, ndiyo hayo mageto. Ada ilifutwa mwaka 2016, lakini godoro, sketi na madaftari ni juu ya mzazi. Aliogopa kitu kimoja: mtoto apate mimba getoni, shule imfukuze, ng'ombe nao wakose. Waraka wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua ulikuja Novemba 2021. Wakati ule mimba ndiyo ilikuwa mwisho.

Aliyeyamaliza ni bibi. Hakuuliza sheria, aliuliza, "Atalala wapi?" Tukampigia mama simu palepale, akamtaja binamu yake, mke wa fundi cherehani anayekaa karibu na sekondari. Bibi akaweka masharti yake: Jumamosi mtoto arudi nyumbani, na msimu wa kuchuma asikosekane. Ya sare nikasema niachieni mimi. Mjomba akanyamaza, na kwa mzee wa kule kunyamaza mbele ya mama yake ni kukubali.

Septemba binti alifanya mtihani. Matokeo yalipotoka Oktoba, hisabati alikuwa na A. Mwezi huohuo Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali, ingawa sijui kama mjomba alisikia.

Januari alipita shuleni kwetu na baiskeli, godoro limefungwa kwenye keria, mpwa wake nyuma anatembea na begi. Akasimama.

"Mwalimu, akirudi na tumbo, nakuletea wewe umlee."

Nikamwambia alete.