Nani Alipaswa Kumpima?

Jumatano, usiku

Leo tumeonyeshwa mchoro wa usikivu wa mpwa wangu. Kwenye sauti nzito mstari uko vizuri, halafu unaporomoka kadiri sauti zinavyokuwa nyembamba. Pikipiki anaisikia, ngoma anaisikia, na ukimwita kwa nguvu uani anageuka. S, f na sh ndizo zinazompita. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, na hajawahi kupimwa masikio kabla ya leo.

Dada yangu aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo, daktari, hakuwa mkaidi?"

Swali hilo limenichoma kuliko mchoro wenyewe, maana ukaidi ndio ulioandikwa kwenye ripoti zake zote. Hasikilizi. Mawazo yako mbali. Ameshachapwa kwa kutotii agizo ambalo halikumfikia. Usiku huu nimefungua madaftari yake. Akinakili kutoka ubaoni, mwandiko ni safi na hakosi herufi. Kwenye imla anapata sifuri, mbili, sifuri tena. Mtu aliyefundishwa dalili za kutosikia angeshtuka kwa kurasa hizo peke yake.

Mwalimu wake simlaumu. Darasa limejaa hadi mlangoni, na hakuna aliyewahi kumfundisha dalili hizo. Ninacholaumu ni sahihi. Kwenye fomu ya kujiunga na shule kuna mstari wa macho na masikio, umejazwa "hana tatizo", na mtu ametia sahihi. Dada alikuwepo siku ile: mtoto hakuvalishwa kifaa chochote, wala hakuulizwa kama anasikia. Sisi wa zamani tulipitishwa mkono juu ya kichwa tushike sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umri wa shule umetimia. Miaka yote hiyo sikio limetumika kukadiria umri, na kusikia kwenyewe bado hakupimwi.

Lakini siwezi kuanzia shuleni tu. Alipozaliwa alilazwa kwa maambukizi, akachomwa sindano za gentamisini. Dawa hiyo huokoa watoto wachanga wengi, na pia inaweza kuua seli za sikio la ndani, ikianza na zile za sauti nyembamba. Daktari wa leo hakusema ndiyo iliyosababisha. Baada ya miaka tisa hawezi kuthibitisha. Alichosema ni kwamba mtoto aliyepita wodi ile alistahili kufuatiliwa masikio tangu mapema. Kadi yake ya kliniki ina uzito wake mwezi baada ya mwezi, ina chanjo zote, surua na rubela zikiwemo. Kuhusu kusikia haina neno. Hospitali ilimwachia kliniki, kliniki ikaiachia shule, na shule ikaandika hana tatizo.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni unazuilika, na ripoti yake ya mwaka 2021 inataka watoto wapimwe shuleni. Kipimo chenyewe si kikubwa. Mtoto anavaa spika za masikioni, anasikilizishwa toni ndogo za hezi 1000, 2000 na 4000 (kadiri hezi zinavyozidi ndivyo sauti inavyokuwa nyembamba), ananyoosha mkono akisikia. Dakika chache tu, na siku hizi hata simu yenye programu maalumu na spika zilizorekebishwa inaweza kufanya kazi hiyo. Wahudumu wa afya huja shuleni kwake na dawa za minyoo na kichocho, na fimbo ya kupimia urefu ili wajue kila mtoto anywe vidonge vingapi. Njia ya kuwafikia watoto ipo tayari. Inauma kuwaza hivyo.

Jumamosi kuna kikao cha wazazi, na mwalimu mkuu amempa dada nafasi ya kuzungumza. Ataomba watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wapimwe kabla muhula haujaisha, na ule mstari wa fomu usijazwe tena bila jina la aliyepima na tarehe. Kwa mtoto wetu ataomba dawati la mbele, na mwalimu asiseme huku amegeukia ubao. Nimepiga simu hospitali ya mkoa kuuliza nani anaweza kuja na kifaa. Wamesema tuandike barua, ipitie kwa mwalimu mkuu. Nimeshafika nusu ya barua hiyo.