Jinsi nilivyolihamisha faili la histogramu kutoka ROOT hadi R

Mimi ni mtu wa takwimu, si mwanafizikia, na R, lugha ya programu ya kuchambua takwimu, ndiyo chombo changu cha kila siku. Rafiki yangu anayesomea fizikia ya chembe aliponiomba nimchambulie histogramu moja, nilikubali bila hata kuuliza faili lake ni la aina gani. Akaniletea faili la ROOT, programu ya kuchambua data iliyozaliwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko karibu na Geneva, katika miaka ya 1990. Ndani yake mlikuwa na histogramu ya tungamo la jozi za muoni (chembe inayofanana na elektroni ila nzito zaidi), iliyotokana na uigaji wa kompyuta: madaraja 60, yaani vipande ambamo matukio huhesabiwa, kuanzia GeV 60 hadi 120 (GeV ni kipimo wanachotumia kwa tungamo la chembe).

Kaka mmoja tunayefanya naye kazi aliniambia, "Bwana mdogo, badilisha tu mwisho wa jina uwe .csv, R italisoma." Nikamtii, ingawa CSV ni faili la maandishi tu lenye namba zilizotenganishwa kwa mkato. R ikanimwagia maonyo, na nilipolifungua faili kama maandishi nikakuta neno "root" mwanzoni kabisa, kisha takataka tupu hadi chini, kwa kuwa yaliyomo ni baiti zilizobanwa wala si maandishi. Mwingine akanishauri niipakue ROOT nzima. Bando la kama shilingi elfu tano liliisha kabla upakuaji haujafika nusu, na hasira zake bado ninazo.

Kilichoniokoa ni uproot, maktaba ya Python inayosoma mafaili hayo bila kuihitaji ROOT yenyewe, tena ni ndogo. Mpango ukawa kuitoa histogramu kwa Python, kuiandika kwenye CSV, kisha kuisoma kwa R.

Hapo sasa nikajiponza mwenyewe. Kwa uroho wa kutaka kila kitu, niliandika values(flow=True), amri ya kutoa hesabu za madaraja, nikapata namba 62, ilhali mipaka ya madaraja ilikuwa 61, ambayo ndiyo idadi sahihi kwa madaraja 60. Badala ya kujiuliza hizo mbili za ziada zimetoka wapi, nilizikata mbili za mwisho na kujipongeza. Mchoro ukatoka mzuri ajabu, ila kilele kilisimama kati ya GeV 92 na 93. Rafiki yangu aliutazama kidogo tu, akacheka: kilele hicho ni chembe ya Z, ambayo huweza kuoza kuwa jozi ya muoni; ina tungamo la takriban GeV 91.2, na haiwezi kunenepa kwa sababu mimi nimeshika kompyuta. Kumbe ROOT huweka daraja la sifuri kwa matukio yaliyoangukia chini ya mpaka wa kwanza, na jingine mwishoni kwa yaliyopita mpaka wa juu. Nilipaswa kukata namba ya kwanza na ya mwisho. Kwa kukata mbili za nyuma nilikuwa nimeisogeza histogramu yote hatua moja kulia.

Ndani ya R, usiipe amri ya hist hesabu hizo, kwa maana itazichukua kama data ghafi na kukuchorea histogramu ya urefu wa nguzo. Nililifanya hilo pia, lakini sikumwonyesha mtu. Ujanja ninaojivunia ni kuunda orodha yenye breaks (mipaka) na counts (hesabu), kuipa aina (class) ya "histogram" kwa amri ya structure, kisha kuita plot. R huichora kana kwamba imeihesabu yenyewe.

Kuhusu makosa ya vipimo, nilikuwa karibu kutumia kipeuo cha pili cha hesabu, yaani mzizi wake, hadi nilipoona daraja moja lina matukio 412.7. Hakuna tukio la saba ya kumi. Matukio yale yalikuwa yamepewa uzito, na katika hali hiyo mzizi wa hesabu hudanganya. Nikarudi Python, nikaongeza safu ya variances(), yaani variansi ya kila daraja, kwenye CSV, nikachukua mizizi yake.

Nilipomtumia yule kaka mchoro uliokamilika, alijibu kwa swali moja: kwa nini sikutumia Excel.