Kupanga leya za kibodi ili piano ibaki piano

Piano, pedi (sauti laini ndefu ya kujaza nyuma) na fidla zikiwekwa leya, yaani zikilia pamoja kwa kidole kimoja, kwenye hedifoni nyumbani hupendeza ajabu. Zipeleke jukwaani, mpiga besi na mwenye gita waingie, na utapata uji. Hedifoni zinakupa stirio (kushoto na kulia tofauti) na ukimya. Kumbi nyingi hapa Nairobi, hasa makanisa ya mabati, zina spika za mono (zote zikitoa sauti ileile) na mwangwi wake wenyewe. Kwa hiyo leya hupangwa kwa kukumbuka ukumbi, si chumba cha kulala.

Anza na sauti moja tu. Mpe piano voliumu ya 100 kati ya 127. Pedi ianze sifuri, uipandishe polepole huku ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) zilezile, hadi uisikie waziwazi, halafu uirudishe nyuma kidogo. Mara nyingi itatulia kati ya 55 na 70. Kisha izime ghafla. Ukihisi chumba kimekuwa kikavu, ingawa dakika iliyopita hukuwa unaisikia kama ala ya pili, basi imekaa panapofaa. Wengi huacha zote 127. Sauti mbili zenye nguvu sawa huongezeana takriban desibeli 3, na zikilingana kabisa hufika 6, ndipo unasikia mkwaruzo na watu wanaanza kulaumu spika.

Pedi ni adui wa gita la besi kuliko unavyodhani. Kama kibodi yako ina EQ (kidhibiti cha sauti nzito na nyembamba) kwa kila leya, kata chini ya hezi 200 hadi 250 kwenye pedi. Kama haina, ipandishe oktava moja. Ni dawa ya bei nafuu na hufanya kazi. Riverbu (mwangwi wa kibodi) nayo punguza: weka kidogo kwenye piano, na kwenye pedi karibu uiondoe kabisa, maana ukumbi utakuongezea bila kuombwa.

Angalia pia pedi inavyoanza. Pedi inayopanda taratibu inafaa ibada ya polepole. Ukiingia kwenye sebene (sehemu ya kasi ya kucheza) na pedi hiyohiyo, kila kodi itafika baada ya pigo na bendi nzima itaonekana inaburuta. Punguza ataki (muda wa sauti kupanda) hadi karibu na sifuri, au itoe. Kwa sebene mimi ningeitoa.

Sasa sasteni, yaani kurefusha noti kwa pedali ya mguu, ambako fujo nyingi huzaliwa. Chukua kibodi yenye polifonia ya 64, yaani inayoweza kutoa sauti 64 kwa wakati mmoja. Piano ya stirio mara nyingi hutumia sauti 2 kwa kila noti, na pedi nzito inaweza kutumia 4. Hapo kidole kimoja kinakula 6. Ukishikilia pedali na kupiga noti kumi, tayari ni 60. Noti ya kumi na moja inavuka mpaka na kibodi inaanza kuzima za mwanzo. Unasikia besi ya mkono wa kushoto ikikatika katikati ya wimbo, unadhani pedali imeharibika. Haijaharibika. Zima sasteni kwenye leya ya pedi ikiwa kibodi inaruhusu, au inua mguu kila kodi inapobadilika.

Kugawa kibodi ili mkono wa kushoto upige besi kuna maana tu kama mpiga besi hajafika. Kama yupo, mwachie kazi yake. Ukigawa, zima sasteni upande wa besi, la sivyo noti za chini zitarundikana. Na ukiambiwa na mwenzako ugawe kwenye C3, uliza anatumia kibodi gani: Yamaha huita C ya kati C3, Roland na Korg huita C4. Ni oktava nzima ya tofauti.

Mpangilio wote uhifadhi mahali pamoja, ili kitufe kimoja kibebe sauti, voliumu, oktava na mgawo. Kwenye Yamaha PSR ni Registration Memory, baadhi ya Korg zina Combi. Kwenye kibodi nyingi mabadiliko ambayo hujayahifadhi hukaa kwa muda tu, kwa hiyo stima ikipotea hata sekunde moja kabla jenereta haijashika, yamekwenda. Hifadhi kila baada ya badiliko, si mwisho wa mazoezi.

Kuna mtego mmoja humo. Mwimbaji amekuomba upandishe, umepandisha transpozi (inayohamisha noti zote juu au chini) hadi +2, kisha unabonyeza registreshoni ya pili ili kuleta fidla, na transpozi inarudi sifuri kwa sababu ilihifadhiwa hivyo. Bendi iko D, wewe uko C, na kanisa zima linageuka. Kwenye PSR-SX tumia Freeze, ukichagua transpozi iwe miongoni mwa vitu visivyobadilishwa. Kama yako haina, jifunze wimbo katika kodi zake halisi.

Kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti za bendi), kama umepewa waya mmoja tu, chomeka kwenye L/MONO, usichomeke R. Baadhi ya piano za stirio zikiunganishwa kuwa mono hufifia na kusikika kama ziko ndani ya debe. Tafuta sauti ya piano ya mono ndani ya kibodi yako na utumie hiyo. Ukisikia mvumo usiokoma, bonyeza swichi ya kukata ardhi kwenye kisanduku cha DI (kinachounganisha kibodi na mikisa) kwanza, kabla hujaanza kubadilisha waya.

Pedali ichomeke kabla ya kuwasha, na usiikanyage wakati kibodi inawaka. Kibodi nyingi husoma hali ya pedali wakati huo. Mguu ukiwa juu yake, sasteni itafanya kazi kinyume hadi uzime na kuwasha upya.