Tuni Iliyopata Kazi Nyingine

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

"Asubuhi panda mbegu zako, wala jioni usiuzuie mkono wako; kwa maana hujui ni zipi zitakazofanikiwa" (Mhubiri 11:6).

Andiko hili limenikumbusha George James Webb, Mwingereza aliyezaliwa karibu na Salisbury mwaka 1803. Alikuwa mpiga kinanda kanisani kule Falmouth, kisha mwaka 1830 akafunga safari kuhamia Marekani. Nia yake ilikuwa New York, lakini nahodha wa meli akamshawishi aende Boston. Akashukia huko, akawa mpiga kinanda wa kanisa la Old South, akashirikiana na Lowell Mason, mwalimu wa muziki, kuwafundisha watu kuimba.

Mwaka 1837 ilichapishwa tuni yake moja, yaani sauti ya wimbo, wala haikuwa ya ibada. Maneno yake yalihusu mapambazuko na ndege anayeimba alfajiri, basi. Walimu wa kwaya mnaijua hata kama jina la Webb hamjawahi kulisikia: kwa noti za solfa, inaanzia so ya chini, inaruka mara moja hadi do, na mwimbaji anajikuta amenyoosha mgongo.

Ikapita miaka 21. Philadelphia alikuwako mhubiri kijana, Dudley Tyng, ambaye tayari alikuwa ameondoka katika kanisa lake kwa sababu alihubiri waziwazi dhidi ya utumwa. Aprili 1858 alikwenda kutazama mashine ya kupukuchua mahindi iliyokuwa ikizungushwa na nyumbu. Mkono wa vazi lake ukanaswa na meno ya mashine, nao mkono wake ukararuka vibaya. Baada ya siku chache akafa, akiwa na miaka 33. Alipokuwa akikata roho aliwaachia watumishi wenzake ujumbe: wasimame kwa ajili ya Yesu. Rafiki yake, mchungaji George Duffield, akahubiri kutoka Waefeso 6:14, "Basi simameni," akamalizia kwa beti alizotunga mwenyewe. Beti hizo ndizo wimbo "Stand Up, Stand Up for Jesus," unaoimbwa hadi leo kwa tuni ile ya Webb.

Ninaposoma habari hii, moyo wangu haubaki kwenye kifo cha Tyng peke yake. Unarudi kwa Webb, akiweka noti kwenye karatasi kwa ajili ya wimbo wa asubuhi, bila kujua kwamba kuna wafiwa watakaouhitaji. Hakuandika akijiona nabii. Aliifanya kazi yake vizuri, na Mungu akaichukua akaipeleka alikotaka. Naamini kabisa kwamba mengi yanayotubeba kanisani yalikuja kwa njia hiyo, kupitia watu waliodhani wanafanya jambo dogo la siku hiyo.

Webb aliendelea kufundisha uimbaji hadi uzeeni, akafariki huko Orange, New Jersey, mwaka 1887.

Wewe unayefundisha watoto solfa Jumamosi alasiri, wakaja wanne, Jumamosi inayofuata wawili, Mungu anakuona. Usiache.

Na wiki hii naomba kila mmoja wetu amtaje kwa jina, katika maombi yake ya asubuhi, yule aliyemfundisha wimbo wake wa kwanza wa kumsifu Mungu. Kama bado yu hai, mpigie simu umwambie ni wimbo gani.