Kile kinyama kwenye jicho la Mama

Mama ameanika omena, wale dagaa wadogo, huko Usenge kando ya Ziwa Viktoria tangu nikiwa darasa la pili. Asubuhi anatandaza nyavu mchangani, anamwaga omena, halafu anainama kuwageuza hadi jua linapotua. Ikweta inapita hapo Maseno tu, kwa hiyo jua letu si la mchezo, na ziwa nalo linalirudisha usoni. Miwani hajawahi kuvaa.

Krismasi iliyopita nilimwona akifutafuta jicho la kulia kwa pindo la leso. "Ni vumbi tu, mwanangu." Kumbe alikuwa amemaliza chupa tatu za dawa ya matone kutoka duka la dawa. Kila chupa ilituliza wekundu kwa siku chache, kisha unarudi.

Nilimkalisha mlangoni penye mwanga, nikamshika kope. Upande wa pua, pale weupe wa jicho unapokutana na duara jeusi, palikuwa na kinyama. Juu yake kulikuwa na kitu cheupe kama ukoko wa uji, na mishipa minene ya damu ilikuwa ikikielekea.

Huku kwetu wenye vinyama machoni ni wengi. Kile cha pembetatu kinachotambaa polepole, ambacho madaktari hukiita terijiamu, si saratani. Hutokana na jua, na vumbi na upepo navyo huchangia. Lakini saratani ya utando unaofunika weupe wa jicho hupenda kuota mahali pale pale, na inaweza kufanana nacho hivi kwamba hata daktari hawezi kuapa kwa kutazama tu. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Kliniki ya Kisumu walimtia ganzi, kisha tone la rangi. Kinyama kikageuka buluu iliyokoza. "Mama, hii inanitia shaka, lakini jibu litatoka maabara," daktari akasema. Wakakikata chote pamoja na ukingo wa nyama nzima, wakakitia kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Jibu likarudi: saratani, ila ilikuwa haijapenya ndani ya jicho.

Waliomba pia apimwe virusi vya Ukimwi, kwa sababu anayeishi navyo hupata saratani hii kwa urahisi zaidi. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akanyoosha mkono. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa.

Baada ya kidonda kupona akaanza matone ya fluorourasili, dawa ya kuua chembe za saratani, mara nne kwa siku, wiki nne. Yaliwasha, machozi yakamtiririka, lakini hakuruka hata moja. Nilikuwa nikitia alama kwenye kalenda ya ukutani. Daktari wa macho Mkenya, Stephen Gichuhi, na wenzake waliyajaribu hapa hapa Kenya wakachapisha matokeo mwaka 2016: ndani ya mwaka mmoja saratani iliwarudia takriban 11 kati ya kila 100 waliotumia matone hayo, na 36 kati ya kila 100 waliopewa matone yasiyo na dawa. Nilimsomea Mama namba hizo mara mbili. Mara ya pili ndipo alipotabasamu.

Sasa amerudi ufuoni na kofia pana na miwani ya jua. Jumamosi wenzake wawili waliniita niwaangalie macho. Mmoja ana ukoko ule ule mweupe. Tunapanda matatu naye Jumatatu, ya saa kumi na mbili asubuhi.