Nahodha asiyesoma Injili ndo alonisomesha Luka 5

Aya mie nilikuwa nazijua, tena sana. Nimelelewa kanisa la Mkunazini, mjini Unguja, na skuli ya Jumapili tulikuwa tunapewa aya ya wiki, ukiisema bila kukwama unapewa pipi, basi mie pipi zile nimezila mpaka meno yakaoza. Nilipokuwa mtu mzima nikawa ndo yule anayetuma aya kwenye grupu la WhatsApp kila alfajiri na picha ya maua, na staitasi juu yake. Lakini laiti mtu angeniuliza "hiyo ulotuma leo, wewe yakwambia nini?" ningebaki namtazama tu. Zilikuwa kama shanga, nimezivaa.

Sasa mie nafanya biashara ya dagaa, huku kaskazini upande wa Mkokotoni. Asiyeijua kazi hii, iko hivi: wavuvi wanatoka usiku wa giza, mana mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti dagaa, wanarudi alfajiri, sisi kinamama tunasubiri pwani na ndoo zetu, unanunua, unachemsha kwa chumvi, unaanika, unaomba jua. Jua ndo kila kitu. Mwaka juzi masika yakatukuta na ndoo 34 zimeanikwa, mie nilikuwa nimekwenda mjini kumtazama mama hospitali, nikamwachia mwenzangu tuliyekuwa tunashirikiana. Mvua ikaja, naye hakufunika. Mwenyewe anasema alipitiwa na usingizi baada ya kukesha kuchemsha, na mie naamini hivi sasa ila wakati ule sikuamini hata kidogo. Nilirudi nikakuta harufu tu. Na pesa ile ilikuwa ya kikoba, chama chetu cha kuweka na kukopa.

Nikakaa ndani kama wiki tatu hivi, kanisani siendi, simu sipokei. Watu wakaanza kunitumia aya (si ndo mchezo wangu mwenyewe), na waliyoipenda zaidi ni ile ya Mathayo 6, "Basi msisumbukie ya kesho, kwa kuwa kesho itajisumbukia yenyewe." Jamani. Ukiwa na deni la kikoba na kesho ndo siku ya kikao, aya ile kwa mtu anayekurushia kwenye simu kisha anaendelea na shughuli zake haifariji, inauma. Siku ile ndo nilielewa mie mwenyewe nimewaumiza wangapi na maua yangu.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa mahubiri. Jirani yangu ni mzee mvuvi, kila mtu anamwita Nahodha, Muislamu safi, swala tano hazimpiti. Jioni moja nimekaa barazani na Biblia nimeifungua Luka 5 bila hamu yoyote, yeye anapita na mshipi wake wa kuvulia, nikamwamkia, shikamoo Nahodha, akajibu marahaba mwanangu, wasoma nini na uso umekunjamana hivyo. Nikamwambia habari za wavuvi wa zama za Nabii Isa. Aa, akakaa. "Nisomee basi, nisikie kama aloandika anaijua bahari."

Nikamsomea. Pale pa "akaona vyombo viwili vimekaa kando ya ziwa, lakini wavuvi wametoka, wanaosha nyavu zao" akanisimamisha. Ziwa? Maji baridi hayo? Nikamwambia ndiyo, Ziwa la Genesareti, ndo hilo la Galilaya. Akatikisa kichwa, haya endelea. Nikafika "Tweka mpaka kilindini, mkashushe nyavu zenu mvue samaki," akacheka kwa furaha. "Tweka! Hilo neno letu hilo!" Na mie nikaona haya, mana nilikuwa naisema aya hii tangu mtoto na sijapatapo kujiuliza tweka ni nini, na kilindini nilikuwa nadhani ni ile bandari ya Mombasa, kweli kabisa, nilikuwa najiuliza Petro alifikaje Mombasa. Nahodha akanieleza kama anayemfundisha mtoto: kutweka ni kupandisha tanga, na kilindi ni pale maji yanapogeuka rangi na upondo wa kusukumia chombo haufiki chini. Biblia hii tunayoisoma, Union Version ya 1952, imejaa maneno ya pwani yetu, na kabla yake Askofu Steere, mmisionari wa Kiingereza, alifasiri Agano Jipya hapa hapa Unguja, lakini mie mtoto wa hapa hapa nimeipita kama naisoma kwa Kilatini.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwahi kulisikia kwa mchungaji yeyote. "Wavu wameshaosha?" Nikasema wameshaosha. "Wamekesha usiku kucha na hawakupata?" Ndiyo. "Na huyo anayewaambia watweke tena, asubuhi, jua limetoka, yeye mvuvi?" Nikamwambia la, huyo ndo Nabii Isa, seremala. Nahodha alicheka mpaka mshipi ukamponyoka. Akasema seremala anamwambia nahodha akavue mchana! Mchana samaki anauona wavu, na nyuzi za zamani hazikuwa hizi za nailoni, ndo mana walikuwa wanakesha. Na wavu ukishauosha ukautandaza, kuurudisha majini ni kuja kuuosha tena na mikono imeshakufa ganzi. "Mie ningemwambia bwana wee, kaa na randa yako."

Nikamsomea jibu la Simoni, ndo huyo Petro. "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu."

Akanyamaza kidogo. Akaomba nirudie. Kisha akasema, huyu hakwenda kwa kuwa kaamini atapata samaki, huyu keshasema wazi hakuna kitu. Kenda kwa ajili ya alomwambia. Akainuka akaenda zake kuswali magharibi.

Mie nikabaki pale barazani na mbu. Kwa sababu wiki zote zile nilikuwa nasubiri kwanza nipate imani kwamba biashara itarudi, ndo niinuke. Nilidhani mtu wa imani hasemi "tusipate kitu." Kumbe Petro kalalamika kwanza, kamaliza malalamiko yake yote, kisha kaweka lakini. Nikachukua daftari langu la mahesabu, chini ya hasara ya zile ndoo 34 nikaandika neno moja, lakini, kwa kalamu nyekundu. Bado lipo.

Tangu hapo ndo ukawa mtindo wangu. Aya moja naishika wiki mbili, hata tatu, sina haraka. Naiandika kwa mkono, naisoma sura nzima si mstari peke yake, na neno nisilolielewa naliuliza kwa mwenye kazi yake. Ya mpanzi nilimuuliza mkulima wa mpunga. Na staitasi nikaacha kabisa.

Nyengine ilinijia mjini. Nilikwenda Mkunazini siku ya kazi, kanisa limejaa watalii, mtembezaji anawaeleza kwamba hapa palikuwa soko la watumwa, likafungwa 1873 na mwaka ule ule ujenzi wa kanisa ukaanza, na altare inasemwa iko palipokuwa na mti wa kuchapia watu. Maneno nimeyasikia mara elfu. Ila wiki ile nilikuwa nimeshika "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha," na nilipofika kwenye neno mizigo nikiwa nimesimama pale, miguu ilinilegea. Kuna waliofika soko lile na pembe za ndovu kichwani kutoka bara, wakauzwa wao na pembe. Deni langu la kikoba nikaliona ukubwa wake halisi. Sikusema limekwisha.

Na biashara nilirudi, ndoo 6 kwa mkopo giza lililofuata. Ukitaka kusikia nyavu zilianza kukatika kwa wingi wa samaki kama za Petro, pole, faida ilikuwa ya chumvi na kuni. Deni nimelimaliza mwaka huu.

Lakini aya iliyonipa tabu kuliko zote ni ya Yohana 21, na tabu yenyewe ni yule mwenzangu. Pale Yesu amesimama pwani anauliza, "Wanangu, mna kitoweo?" kama anavyouliza mtu yeyote hapa kwetu chombo kikiingia. Wanashuka, wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate, anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Basi. Na Petro yupo pale, aliyemkana mara tatu, tena alimkana akiota moto wa makaa vile vile, iko Yohana 18. Nikasoma mbele nikitafuta pale anaposemwa. Hakuna. Wanakula kwanza, walipokwisha kula ndo anaulizwa, na anachoulizwa ni kama anapenda.

Nikaikimbia aya hii kama mwezi mzima. Nikarudi kwa Mathayo, nikaona nako kunanitazama.

Jumamosi moja nikawasha jiko la makaa mapema, nikapika chapati za maji na dagaa wa nazi, nikampelekea mtoto wa yule mwenzangu ujumbe: mwambie mama yako aje afungue kinywa. Nilidhani hatakuja. Akaja, kajitanda kanga mpaka puani, akakaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni. Nikammiminia chai. Hatukusema kitu, tunasikia makaa tu yanavyolia. Kikombe cha pili akasema, dagaa umeweka ndimu nyingi. Nikamwambia ndivyo wewe ulivyonifundisha.