Mpandishe namba mbili

Majuzi tulikuwa lokesheni Goba. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, taa moja, kioo kimepasuka pembeni. Dairekta akachungulia mlangoni, akamwangalia binti niliyekuwa nampaka vipodozi, akaniambia mimi, si yeye: "Dada, huyo mpandishe namba mbili. Mke wa bosi hawezi kuwa mweusi hivyo."

Binti alikuwa amefumba macho, namchora wanja. Kope zikacheza kidogo tu. Mimi nikanyamaza. Nina watoto wawili na ada ya muhula bado sijamaliza. Nikafungua kopo la fondesheni ya rangi ya karanga, nikampandisha weupe. Uso ukawa wa mtu mwingine, shingo ikabaki yake, ikabidi nimfunge skafu kuficha mpaka.

Usiku ule usingizi ulinipaa, nikawa namuwaza Fredi Washington, mwigizaji wa kike wa zamani.

Sidhani kama wengi mnamjua. Alizaliwa Savannah, jimbo la Georgia kule Marekani, mwaka 1903, akaanzia kwenye dansi New York. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba ukipishana naye barabarani ungesema Mzungu, na macho ya kijani juu yake. Lakini alikuwa Mweusi wa kuzaliwa kwao, na hakukubali kujiita kitu kingine.

Mwaka 1933 alicheza na mwigizaji Mweusi Paul Robeson kwenye filamu ya The Emperor Jones. Filamu za enzi zile hazikuwa na rangi, na kwenye mkanda Fredi alitoka mweupe pee. Wakubwa wakaingiwa na kiwewe: watu si wataona Mweusi amemkumbatia Mzungu? Basi akapakwa weusi. Mwanamke Mweusi, anaigiza mwanamke Mweusi, anapakwa apate kufanana na Mweusi! Kazi yangu ndiyo hiyohiyo ya poda na sifongo, kwa hiyo namfikiria sana aliyempaka. Alianza na paji la uso kama mimi? Masikio aliyakumbuka? Masikio ndiyo huumbua watu. Na viganja je, maana mikono ndiyo inayomshika Robeson. Yule naye huenda alikuwa na ada ya kulipa.

Mwaka uliofuata ikaja Imitation of Life. Humo yeye ni Peola, binti mweupe anayemkana mama yake Mweusi, aliyeigizwa na Louise Beavers, ili aishi kama Mzungu. Aliicheza vizuri mno, na hapo ndipo alipojiponza, kwani watu waliamini ndivyo alivyo mwenyewe. Wakati huo mumewe, Lawrence Brown, alikuwa mpuliza tromboni kwenye bendi ya jazi ya Duke Ellington, na inasimuliwa kuwa bendi ikizunguka majimbo ya kusini, Fredi alikuwa akiingia kwenye maduka ya Wazungu watupu, ananunua aiskrimu, anatoka nazo kuwapa wanamuziki waliozuiwa mlangoni. Weupe wake kazi yake ilikuwa hiyo.

Baada ya Peola ungedhani kazi zitamiminika. Wapi! Nafasi za wanawake Weusi Hollywood zilikuwa jikoni na kwenye beseni la kufulia, na yeye hakuonekana kijakazi. Kupendwa na staa Mzungu nako hakuwezekani: kanuni za filamu, zilizoanza kubanwa kwelikweli mwaka huohuo wa 1934, zilikataza mapenzi ya Mzungu na Mweusi, hata kama kwa macho huwezi kuwatofautisha. Angesema tu kwamba ni Mzungu, mambo yangemnyookea. Hakusema. Kufikia 1937 filamu zikamwishia, akiwa na miaka 33. Mwaka huohuo akashirikiana na wenzake kuanzisha Negro Actors Guild, chama cha wasanii Weusi, akawa katibu mtendaji wake wa kwanza. Baadaye akaandikia The People's Voice, gazeti la Harlem, mtaa wa Weusi New York. Amefariki 1994, ana miaka 90, na mimi namuona alishinda, ingawa najua waliomuajiri wasingeona hivyo.

Sasa, mnaofanya kazi hii mnajua ubaya wa mwendelezo. Ukishampaka mtu namba fulani sini ya kwanza, umejifunga. Siku kumi na mbili zote lazima atoke vilevile, la sivyo mhariri atalia. Kwa hiyo kosa langu la asubuhi moja nililazimika kulirudia kila siku kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya pili binti alikuja na kopo lake la fondesheni, namba yake ya haki, akaliweka mezani karibu na brashi zangu. Nikaanza kujieleza, mdogo wangu, samahani, ya jana imesharekodiwa, hatuwezi kubadilisha.

"Najua, dada," akasema, akafumba macho tayari kupakwa. "Hiyo ni ya kurudia nyumbani."